Gari Linapodunda Nyuma: Kuijua Shoki Iliyokufa na Kuibadilisha

Kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi hapa Malindi huanza hivi. Mtu ana pikapu ya kubebea maembe kutoka Marafa, nyuma imelala mpaka matairi yanakaribia kugusa bodi. Anakwenda dukani, ananunua shoki mbili mpya, anazifunga, na kesho yake gari limelala vilevile. Pesa imekwenda, tatizo limebaki, kwa sababu shoki haibebi mzigo. Mzigo hubebwa na springi. Kazi ya shoki ni kuituliza springi ikishashtuliwa na barabara.

Nimeanza na hilo kwa makusudi. Shoki za nyuma za gari la porini si za bei ya kuchezea, na kabla hujatoa pesa ni heri gari lenyewe likwambie linaumwa wapi. Dalili nyingi zinafanana, vyanzo havifanani.

Ndani ya shoki (wenzetu wa Tanzania huiita shokapu) kuna pistoni inayopanda na kushuka ndani ya oili. Pistoni hiyo ina matundu madogo na valvu, na oili hulazimishwa kupenya humo kwa taabu. Taabu hiyo ndiyo breki ya springi. Msukosuko wote ambao shoki inaumeza hugeuka kuwa joto. Likumbuke hilo joto, maana huko mbele ndilo litakalotupa kipimo ninachokiamini kuliko vingine vyote.

Sasa ichukue barabara ya kutoka Malindi kupitia Kakoneni na Langobaya hadi lango la Sala la Tsavo Mashariki. Pale changarawe inapojikunja kama bati, tuseme kila mkunjo uko mita moja kutoka kwa mwenzake. Ukienda kilomita 60 kwa saa unakata mita 1,000 kwa dakika, yaani kila shoki inapigwa mara 1,000 kila dakika. Nusu saa ni mara 30,000. Hakuna tuta la mjini linaloweza kuiumiza shoki namna hiyo.

Mdundo usiotulia

Dalili inayojulikana na wengi ni gari kuvuka tuta kisha mgongo wake ukaendelea kupanda na kushuka. Shoki nzima huliachia gari lipande, lirudi, litulie. Likipanda na kushuka mara mbili au tatu baada ya tuta moja, shoki imechoka.

Watu wamezoea kusimama nyuma ya gari, kulisukuma chini kwa mikono na kuangalia linavyorudi. Kwa gari dogo la mjini inasaidia. Kwa Land Cruiser pikapu au Hilux yenye springi bapa, zile za vyuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kipimo hicho kinadanganya. Springi zenyewe ni ngumu, na vyuma vyake vinasuguana mpaka vinajituliza bila msaada wa shoki. Unaweza kusukuma mpaka jasho likutoke, ukaamini shoki ni nzima, nayo imekufa kitambo.

Afadhali uende kwenye tuta. Vuka tuta moja kwa mwendo wa kilomita 15 hadi 20 kwa saa, mwenzako awe amesimama kando anatazama bampa ya nyuma. Wewe uliye ndani unadanganywa na kiti, lakini aliye nje anaona. Prado na Defender, ambazo nyuma zina springi za kuzunguka, huonyesha ugonjwa huu waziwazi zaidi.

Mkia unaohama

Hii ndiyo dalili ninayoiogopa. Uko kwenye changarawe iliyokunjika, usukani umenyooka, lakini nyuma ya gari inateleza kidogo kidogo kwenda pembeni kama punda anayekataa njia. Kinachotokea ni kwamba shoki iliyokufa haiwezi kulirudisha tairi chini upesi. Tairi linaruka kutoka kilele hadi kilele, na tairi lililo hewani halishiki barabara. Kona ikikukuta katika hali hiyo, usukani hautakusaidia, wala breki.

Jiulize imeanza lini. Kama ulipoondoka Malindi gari lilikuwa sawa, likaanza kuhama baada ya nusu saa ya mikunjo, kisha ukapumzika kivulini na likawa sawa tena, basi oili imepata moto kupita kiasi na kutoa povu. Pistoni inayopita ndani ya povu haina cha kuizuia. Shoki za aina hiyo huenda bado zina uhai, ila hazikutengenezwa kwa kazi hiyo, au zinabeba kasi na mzigo kuliko uwezo wake. Punguza mwendo leo, na siku ya kununua nyingine tafuta za gesi. Zina naitrojeni iliyoshindiliwa ndani ili oili isitoe povu kwa urahisi.

Kama gari linahama tangu dakika ya kwanza, kabla ya kuilaumu shoki pima upepo wa matairi. Ni bure na ni dakika tano. Wengi wetu hapa hupunguza upepo ili kupita mchangani upande wa Mambrui, na wakirudi mjini wanajaza hadi tairi linakuwa jiwe. Tairi gumu kwenye gari tupu huruka hata shoki ikiwa mpya. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, na mara nyingi kuna kipimo cha gari tupu na cha gari lenye mzigo. Matairi yakiwa sawa, ingia chini uangalie yu-bolti zinazofunga ekseli kwenye springi, halafu bushi za springi, yaani raba za kwenye viungo vyake. Kwenye Prado na Defender angalia bushi za mikono inayoishikilia ekseli. Ekseli iliyolegea hujipigia usukani wake yenyewe.

Kugonga

Sauti zina lugha, ila ukubali kulala chini.

"Tak" moja kavu kila gurudumu likiingia shimoni, mara nyingi ni bushi iliyolika ya sikio la shoki (kile kitanzi cha mwisho kinachopitiwa na bolti), au bolti yake iliyolegea. "Tak-tak" ya haraka inayotoka juu, karibu na sakafu, ni raba na wosha za pini ya juu, kwenye shoki ambazo juu zina pini badala ya sikio. Kishindo kizito kinachokuja tu ukiwa na mzigo au ukiingia shimo kubwa ni ekseli inayogonga raba ya kuzuilia iliyoko chini ya chasisi. Kama raba hiyo imekatika, chuma kinagonga chuma. Kishindo hicho chanzo chake ni springi dhaifu au mzigo mwingi, ingawa shoki iliyokufa hukizidisha.

Ili uwe na hakika, mwambie mwenzako alitikise gari kwa pembeni huku wewe umelaza kiganja juu ya kiungo cha shoki, kile cha chini kisha cha juu. Mlegeo unausikia mkononi kabla ya sikio. Chukua mtaimbo mfupi, uubane kati ya shoki na kishikio chake na usukume kidogo. Raba nzima inakubali kisha inarudi. Raba iliyokufa inaacha chuma kicheze.

Usisahau vitu visivyohusika kabisa. Tairi la akiba linaloning'inia chini ya bodi likilegea mnyororo wake linagonga kama shoki hasa. Gari moja la kupeleka wageni Tsavo lililetwa kwangu kutoka Watamu limeshabadilishiwa shoki zote mbili za nyuma kwa sababu ya mlio. Nilikaza mnyororo wa tairi la akiba, mlio ukaisha. Bomba la moshi na jeki iliyolegea kwenye sanduku lake ni za kukaguliwa pia kabla ya kufungua chochote.

Oili, vumbi na chumvi

Shoki yenye unyevu mwembamba karibu na sili ya juu, ile raba inayozuia oili isitoke, haijafa. Rodi, yaani fimbo inayoishika pistoni, inapotoka na kuingia huvuta utando wa oili, na vumbi la barabara ya Sala hung'ang'ania hapo. Cha kuogopesha ni oili iliyochuruzika ikateremka mwilini, ikafanya tope jeusi hadi kwenye sikio la chini. Ukiwa na shaka, futa shoki yote kwa kitambaa, endesha siku mbili, kisha angalia. Ikiwa imelowa upya, sili imekwisha, na shoki nyingi hazifunguliki kutiwa sili nyingine.

Kwetu Pwani sili huuawa zaidi na kutu kuliko na uzee. Rodi ya shoki ni chuma kilichopakwa kromu laini kama kioo. Chumvi ya bahari ikipata pa kuingilia hutoboa vijitundu, na kila rodi inapopanda na kushuka vijitundu hivyo vinakwangua sili kama msasa. Gari linalopita mchanga wa ufukweni, au linaloachwa siku kadhaa Mokowe karibu na gati huku mwenyewe amevuka kwenda Lamu, hupata ugonjwa huu hata likiwa na kilomita chache. Tochi itakuonyesha: angalia sehemu ya rodi inayobaki nje gari likisimama. Madoadoa ya kahawia hapo yanakwambia kwa nini oili imetoka. Kulisuuza gari chini kwa maji baridi ya bomba kila linapotoka ufukweni ni dawa ya bei ya chini kuliko zote ninazozijua.

Na shoki kavu je? Inaweza kuwa imekufa vilevile. Valvu za ndani hulika na pistoni hulegea bila tone kutoka nje. Hapa ndipo lile joto linapokuja.

Kipimo cha mkono

Endesha dakika 15 hadi 20 kwenye barabara mbovu, si lami. Simama mahali tambarare, zima gari, weka kizuizi kwenye magurudumu. Sogeza mgongo wa mkono wako karibu na mwili wa shoki ya kulia, kisha ya kushoto. Usiishike kwa kiganja moja kwa moja, kwa sababu shoki iliyofanya kazi ngumu inaweza kukuunguza vibaya. Ukihisi joto ni la kuvumilika ndipo uguse.

Shoki inayofanya kazi ina joto. Iliyo baridi wakati mwenzake ana joto haikufanya kazi yoyote. Imepanda na kushuka bila kuzuia kitu. Zote mbili zikiwa baridi baada ya mikunjo ya dakika 20, zote zimekufa. Angalia tu bomba la moshi limepita upande gani, maana linaweza kuipasha moto shoki iliyo jirani nalo ukadhani ni hai. Mwenye kile kipimajoto cha kuelekeza mwanga apime nacho katikati ya mwili wa kila shoki alinganishe namba.

Sijaona kipimo kingine cha bure chenye ukweli kama hiki. Kinakupa jibu la shoki moja moja, na hakijali kama springi zako ni bapa au za kuzunguka.

Tairi na breki

Pitisha kiganja juu ya uso wa tairi la nyuma, mbele kwenda nyuma, kisha urudi. Ukihisi mabonde na vilima vya kufuatana, tairi limekuwa likiruka na kutua, na kila linapotua linalika pale pale. Gurudumu lisilo na balansi na beringi iliyolegea huleta alama zinazofanana, kwa hiyo vikague hivyo pia. Ukibadilisha shoki ukaacha tairi hilo, mlio wake utaendelea. Si kosa la shoki mpya.

Kwenye breki, gari lenye shoki mbovu huinua nyuma na kuinamisha pua, na matairi ya nyuma yanakosa uzito wa kushika. Umbali wa kusimama unaongezeka.

Gari lililolala

Simamisha gari tupu mahali tambarare. Pima kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake, kulia na kushoto. Upande mmoja ukiwa chini kwa zaidi ya vidole viwili, tafuta chuma kilichovunjika kwenye springi bapa. Mara nyingi ufa unajificha karibu na bolti ya katikati. Pande zote mbili zikiwa chini, springi zimenyooka kwa uchovu. Fundi wa springi anaweza kuzikunja upya au kuongeza chuma kimoja.

Ufikirie mzigo pia. Mitungi 20 ya maji ya lita 20 ni kilo 400 kamili, kabla hujahesabu watu walioketi juu yake. Kwa gari la namna hiyo shoki nzuri iliyofungwa kwenye springi iliyochoka itakufa mapema, kwa sababu inafanya kazi ikiwa imefinyika, karibu na mwisho wa silinda yake.

Mpya, na bado zinakatika

Mzee mmoja wa Mambrui alikuja na Land Rover yake. Tulipomaliza shikamoo na marahaba akaniambia, "Mwanangu, hizi shoki nimeweka mara tatu. Kila mara zinakatika juu, penye pini."

"Mzee wangu, gari umelipandisha?"

"Springi niliweka zile ndefu, za safari."

"Na shoki ulinunua za urefu gani?"

"Za Land Rover," akasema. "Si ndizo?"

Hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Springi ilipanda sentimita tano, shoki ikabaki na urefu wa kiwandani. Gurudumu likining'inia ndani ya shimo, shoki inafika mwisho wa urefu wake kabla ya springi, na uzito wote wa ekseli unaning'inia kwenye pini moja nyembamba. Pini inakatika, au sikio linachanika, au kishikio kwenye chasisi kinapasuka. Kinyume chake kipo pia: shoki ndefu kwenye gari lisilopandishwa inafika chini kabla ekseli haijagusa raba ya kuzuilia, pistoni inapiga kitako cha silinda, valvu zinavunjika.

Kwa hiyo pima. Gari likiwa limening'inia nyuma, pima umbali kati ya kishikio cha juu na cha chini: shoki ikivutwa yote iwe ndefu kidogo kuliko hapo, au kama kwenye gari lako shoki ndiyo kizuizi cha ekseli, ifuate urefu uliopangwa kwa springi hiyo. Kisha pima urefu uliopo ekseli inapogusa raba: shoki ikifinywa yote iwe fupi kuliko hapo. Namba hizo mbili, iliyovutwa na iliyofinywa, huandikwa kwenye orodha za watengenezaji. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha, nenda kwa mwingine.

Dukani

Nunua mbili. Shoki mpya kulia na kuukuu kushoto hufanya gari lijibu tofauti kila upande, na dalili ya kuhama inarudi kwa sura nyingine. Za mbele zinaweza kungoja kama zimefaulu kipimo cha joto.

Shoki zilizotumika kutoka Japani zinauzwa, na najua kwa nini watu wanazichukua. Kama huna namna, isimamishe wima, isukume chini na kuivuta juu polepole mara kadhaa. Iwe na uzito uleule mwanzo hadi mwisho. Ikiwa kuna mahali inateleza bila kuzuia, hata sentimita moja, irudishe. Angalia rodi kama ina madoa ya kutu. Mimi mwenyewe sizifungi kwenye gari la njia ya Sala.

Kwenye mpya, linganisha namba ya spea iliyo kwenye boksi na ile iliyogongwa au kuchapwa kwenye mwili wa shoki. Boksi zuri lenye shoki isiyo na namba ni la kukataa. Hakikisha bushi, wosha na raba zimo, maana kuzirudisha zile za zamani ni kununua mlio mwingine.

Kuzibadilisha

Kazi huanza jana yake jioni. Kutu ya Pwani haifunguki kwa haraka. Sugua nyuzi za bolti kwa brashi ya waya, nyunyizia mafuta ya kulainisha kutu, rudia usiku, rudia alfajiri. Nikiruka hatua hii, saa moja ya kazi hugeuka siku nzima ya kukata.

Magari mengi ya porini yako juu kiasi kwamba unaweza kuingia chini bila kuyanyanyua. Fanya hivyo ukiweza. Magurudumu yakiwa ardhini ekseli haiendi popote, na hutalala chini ya kitu kinachoning'inia. Tia gia, vuta breki ya mkono, weka mawe au mbao mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Ukilazimika kunyanyua, weka ubao mpana chini ya jeki, kwa sababu mchanga wetu humeza, kisha simamisha chasisi juu ya stendi za chuma. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, na usiweke tofali za matumbawe. Zinapasuka bila kutoa onyo.

Jambo la kutofanya mzaha nalo liko kwenye Prado, Land Cruiser 80 na nyingine zenye springi za kuzunguka. Humo shoki ndiyo inayozuia ekseli isishuke kupita kiasi. Ukifungua zote mbili gari likiwa limenyanyuliwa kwa chasisi, ekseli inaanguka, paipu ya breki inavutika, na springi inaweza kuchomoka mahali pake. Tegemeza ekseli kwa jeki ya pili, na badilisha upande mmoja ukamalize kabla ya kugusa wa pili.

Fungua chini kwanza. Spana za 14, 17 na 19 hutosha kwenye Toyota nyingi, ingawa nati iliyoliwa na kutu inaweza kukubali soketi ndogo iliyogongewa kwa nyundo. Juu, kwenye shoki za pini, rodi huzunguka pamoja na nati. Ncha ya rodi ina sehemu bapa ya kushikia kwa spana ndogo. Kama imelika, ikate nati kwa grainda, ukiwa umevaa miwani na umefunika paipu za breki na mafuta. Usitumie moto wa gesi karibu na shoki. Oili na gesi vilivyofungiwa ndani vikipashwa moto vinaweza kulipuka. Kwa sababu hiyohiyo usiipeleke shoki kuukuu kwa mchomeleaji ikatwe iwe kitu kingine.

Kabla ya kuiweka mpya, safisha vishikio na utafute nyufa kwenye chasisi pale viliposhikwa. Nyufa zipo kuliko unavyodhani, hasa kwenye gari lililofanya kazi ya mawe ya kujengea. Paka grisi kwenye nyuzi na kwenye pini za chuma ili miaka ijayo zifunguke, lakini usiipake raba grisi hiyo, kwa kuwa huivimbisha.

Shoki isiyo ya gesi iliyolala dukani ina hewa mahali pabaya. Isimamishe wima kama itakavyokaa garini, ivute yote, ifinye yote, mara tano au sita, mpaka mwendo wake uwe mmoja bila kuruka. Kisha iache wima hadi inaingia. Ya gesi hujifungua yenyewe ukikata kamba yake, kwa hiyo funga juu kwanza, shikilia chini, ndipo ukate. Na popote usiishike rodi kwa koleo. Mkwaruzo mmoja kwenye kromu ni oili itakayovuja baadaye.

Sasa kuna kitu ambacho gereji nyingi hukipita. Bushi ya raba kwenye sikio haizunguki juu ya bolti yake, hujisokota. Ukiikaza gari likiwa limening'inia, inakazwa katika hali hiyo. Ukiteremsha gari, raba inakuwa imesokotwa hata likiwa limesimama, na baada ya miezi michache inachanika. Kwa hiyo ingiza bolti, zungusha nati hadi iguse tu, teremsha gari likae kwa uzito wake, litikise kidogo, ndipo ukaze kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari lako. Za pini hukazwa mpaka raba inafura kufikia ukingo wa wosha na kuishia hapo. Ukiizidishia inapasuka, ukiipunguzia inagonga.

Kwenye pikapu nyingi zenye springi bapa, shoki moja imelala mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake, ili ekseli isijisokote unapokanyaga mafuta. Usishangae na usijaribu kuzilinganisha. Rudisha kila moja ilipotoka.

Safari ya kwanza

Zungusha usukani, pita tuta la karibu, sikiliza. Kisha nenda hadi changarawe inapoanza, dakika 20 kwa mwendo wako wa kawaida, usimame. Mgongo wa mkono tena: kulia, kushoto. Joto likiwa karibu sawa, shoki zimeingia kazini. Moja ikiwa baridi, angalia kwanza kama umeifunga sawasawa, halafu irudishe dukani ukiwa bado na risiti.

Baada ya kilomita 50 hivi kaza nati zote nne tena. Raba mpya hujilaza mahali pake, na nati iliyokuwa imekaza huwa imepata nafasi. Ukiwa chini hapo, futa rodi kwa kitambaa kikavu na weka alama ya rangi kwenye kila nati na bolti yake. Safari ijayo ya Sala, mstari ukiwa haujahama, hutahitaji hata kuchukua spana.